Sauti ya Bomba Kavu

Kuna watu wanaokula kwa nguvu za mikono na wengine wanaokula kwa ulimi. Yeye alikula kwa masikio. Kwa miaka ishirini na miwili idara ya maji ilimtuma mitaani kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi, na kazini hakuna aliyekumbuka jina lake la kwenye cheti. Walimwita Mama Sikio. Asubuhi, kabla magari hayajaanza vurugu zao, ungemkuta amesimama katikati ya barabara na kizibao chake cha njano, kichwa kimeinama upande, anasikiliza lami. Wasiomjua walidhani amedondosha kitu. Waliomjua walipunguza redio.

Kazi yenyewe ukiisimulia harakaharaka inaonekana mchezo. Maji yakitoka kwenye ufa wa bomba hulia. Kwenye chuma yanalia kwa sauti nyembamba, kwenye plastiki yananung'unika chinichini hadi ujikaze kuyasikia. Mama Sikio huweka chini kisahani kizito, waya unatoka kwenye kisahani kwenda kwenye kisanduku cha kukuza sauti, na kutoka kwenye kisanduku sauti inaingia masikioni mwake kwa hedifoni. Anasogea hatua moja, anasikiliza, anasogea tena. Akifika pale mlio ulipo mkali kuliko pote, anatoa chaki mfukoni na kuchora duara lenye msalaba ndani. Wachimbaji wakija na sururu hawaulizi swali. Wanachimba juu ya msalaba na maji yanawarukia usoni. Katika miaka yote hiyo alikuwa amechimbisha shimo kavu mara mbili tu, na zote mbili alizikumbuka kwa tarehe, kama mtu anavyokumbuka misiba.

Basi hedifoni ya ofisi, ile kubwa ya kufunika masikio mazima, ikafa upande mmoja. Mhandisi wake, kijana aliyemheshimu kwa kumwita mama na kumpuuza kwa kila kitu kingine, alimwambia asubiri bajeti ya mwaka ujao.

"Na mabomba nayo yasubiri?" Mama Sikio aliuliza.

"Mama, jaribu kutumia upande mmoja kwanza."

Angekuwa na hasira nyepesi angemjibu. Badala yake alikwenda kununua za kwake, kwa kile kidogo alichokuwa ameweka kwa ajili ya viatu.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya duka la dawa na mchonga funguo, na ukuta mzima ulining'inizwa vifaa vya simu. Muuzaji alikuwa dada mwenye kucha ndefu na maneno mengi. Alipotajiwa kiasi Mama Sikio alichonacho hakukunja uso, ila mkono wake ulishuka kutoka safu ya juu hadi safu ya chini kabisa.

"Chukua hizi za kuchomeka sikioni, mama. Besi yake inatikisa kifua."

"Kifua changu kiache kilipo, mwanangu. Mimi nataka kusikia."

Kwa fani yake hiyo Mama Sikio alikuwa na kipimo chake, na hakukopa cha mtu. Kwenye simu alihifadhi sauti tatu alizozirekodi mwenyewe kazini. Ya kwanza ilikuwa ya bomba la chuma linalovuja. Ya pili, ya bomba la plastiki linalovuja. Ya tatu ilikuwa ya bomba kavu, katika mtaa wa maghala, dakika mbili za kimya kitupu. Mtu mwingine angechagua hedifoni kwa wimbo anaoupenda. Yeye alichagua kwa kimya, kwa sababu hedifoni mbovu haiwezi kukaa kimya, lazima iongeze la kwake.

Jozi ya kwanza besi ilimeza kila kitu, chuma kikawa kinalia kama kiko chini ya godoro. Ya pili ilikuwa na ukali wa kuchoma sikio, kila kitu kinasema sss. Zile zisizo na waya alizirudisha bila kuzivaa, maana kisanduku chake ni cha kizamani, kinataka kuchomekwa. Jozi ya nne ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote, waya wake mnene na unachomoka ukiharibika. Sauti ikawa nyembamba, kama inatokea nyumba ya pili.

"Hapo shida ni kimpira, si hedifoni," yule dada alisema, na kwa mara ya kwanza akasema kitu cha maana. "Kikiwa kidogo sauti inatoroka. Kuna saizi tatu humu. Jaribu kikubwa."

Mama Sikio alibadilisha vimpira, akavisukuma ndani taratibu. Duka likaondoka. Honi za barabarani, msumeno wa mchonga funguo, maneno ya dada, vyote vilikwenda, kama mlango umefungwa na mtu mwenye adabu zake. Akacheza sauti ya kwanza: chuma kililia wazi, kila uzi wa maji peke yake. Ya pili: plastiki ikanung'unika palepale inapotakiwa. Alitabasamu. Akacheza ya tatu, ya bomba kavu.

Shuu. Shuu. Shuu.

Alisimamisha. Akaanza upya. Ilikuwa mbali na ndogo, inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Alimpa yule dada asikilize. Dada alisikiliza dakika zote mbili huku amekodoa macho darini, kisha akazivua.

"Hamna kitu, mama. Kimya cha makaburini." Akazifuta kwenye nguo yake. "Ulisikia nini?"

"Bomba," alisema Mama Sikio. "Linavuja."

Na hapa ndipo kiburi chake kilipomponza, nami simfichii. Mwingine yeyote angesema mbona mwenzangu hakusikia. Yeye alijisemea kwamba bila shaka hakusikia, sikio lake halijafunzwa. Akaamini kwamba miaka yote hedifoni kubwa ya ofisi ilikuwa ikimficha mlio mdogo, na vidude hivi vya bei ya viatu vimemfunulia. Mapigo yale hayakumshangaza hata kidogo. Mji ule ulisukumiwa maji na pampu moja kubwa, na mabomba ya zamani hubeba mapigo ya pampu. Wenye fani husema bomba linapumua. Alilipa na kutoka dukani amenyanyua kichwa.

Kesho yake alikwenda mtaa wa maghala, akaweka kisahani palepale alipowahi kutangaza pakavu. Shuu. Shuu. Lilikuwepo. Akachora msalaba wake.

Wachimbaji walichimba hadi kiunoni. Nyapara wao, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia mnada, aliinama, akashika bomba kwa kiganja, akalipapasa huku na huku kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe. Kisha akapaza sauti kutoka shimoni:

"Pakavu!"

Shimo la pili lilikuwa kando ya ukuta wa shule. Alisikiliza saa nzima na kurudia mara tatu. "Pakavu!" alipaza nyapara, safari hii bila kumtazama. La tatu lilikuwa njia panda mbele ya benki, wakafunga barabara tangu asubuhi hadi alasiri, madereva wakatukana mpaka wakachoka. Nyapara alitoka shimoni, akapangusa mikono, akamsogelea karibu na kusema kwa sauti ya chini, ambayo ilimuuma zaidi ya ile ya juu, "Pakavu, mama."

Mhandisi alimwita ofisini. Hakumfokea. Alimwekea kiti.

"Mama, shimo moja kavu tena, nakuhamishia dirishani. Utapokea malalamiko ya wateja. Ni kazi ya kivulini, haina jua."

Alitoka mle ndani. Dirishani! Kukaa nyuma ya kioo mpaka kustaafu, anasikiliza midomo ya watu, yeye aliyeweza kusikia uzi wa maji chini ya mita mbili za lami. Hakuwa na fani nyingine, na hakuwa na jina lingine. Wakimnyang'anya sikio, wangebaki kumwita nani?

Jioni ile, jua bado halijazama, aliweka kisahani sakafuni jikoni kwake. Waliishi ghorofa ya pili. Shuu. Shuu. Akakiweka ukutani, chumba cha mbele, ukuta usiopitiwa na bomba lolote. Shuu. Shuu. Mume wake, fundi wa kupaka rangi, alikuwa anasugua brashi zake kwenye kopo, akamtazama anavyozunguka nyumba na waya masikioni.

"Mama watoto, unatafuta nini?"

Aliweka kisahani juu ya meza ya kulia. Meza ya mbao, miguu minne, haina bomba, haina tone. Akafumba macho. Meza ilikuwa inavuja.

Alizivua hedifoni akazitupa kwenye kochi kama zimemwunguza, kisha akacheka ili mume asimwulize. Lakini tangu siku ile alianza kuogopa. Aliogopa kwamba kitu kile kilimfuata tangu mtaa wa maghala, kwamba alikisikiliza sana hata na chenyewe kikamsikia. Ni mawazo ya kijinga, alijua, na asubuhi alijicheka kwenye kioo. Hata hivyo aliacha kulalia upande wa kulia, kwa sababu sikio likigusa mto, kilikuwa humo.

Siku nne baadaye umeme ulikatika mji mzima tangu asubuhi. Wengine walilalamika. Mama Sikio alipiga simu kituo cha pampu.

"Pampu imelala tangu saa tatu," mlinzi wa kituo alimwambia. "Mabomba ya huko chini yamekauka yote, mama. Ukifungua koki utapata upepo."

Alichukua kisanduku chake akaenda mtaa wa maghala saa sita mchana. Milango ya maghala ilikuwa imefungwa, kufuli zimeshika kutu, jua limesimama wima hata mtu hana kivuli cha kumwonesha njia. Hakukuwa na gari wala mbwa. Kiraka cha shimo lake la kwanza kilikuwa bado cheusi katikati ya barabara. Alipiga goti kando yake, akaweka kisahani, akasukuma vimpira ndani mpaka dunia ikaondoka.

Bomba lililokuwa chini yake halikuwa na maji hata kikombe. Alilijua hilo kama anavyojua majina ya watoto wake.

Shuu. Shuu. Shuu.

Alinyanyua kisahani juu ya lami, akakishika hewani. Shuu. Shuu. Akazima kisanduku. Shuu. Shuu. Mwisho akashika waya wa hedifoni na kuuchomoa kabisa kwenye kisanduku, ukabaki unaning'inia kifuani pake, haujashikana na kitu chochote duniani.

Kikaendelea.

Mama Sikio alisimama ghafla, akarudi nyuma hatua mbili, na hapo akasikia jambo lililomfanya aite jina la mama yake kwa sauti. Mlio uliongeza mwendo. Akaanza kukimbia, vimpira bado viko masikioni, kisanduku kinampiga ubavuni, na kile kitu kikakimbia naye, shu shu shu shu, hatua kwa hatua. Alipofika kona akaegemea ukuta, pumzi zimemwishia. Alipotulia, nacho kikatulia, kidogokidogo, mpaka kikarudi kwenye mwendo wake wa kutembea.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Maji hayaogopi, alijua hilo. Hiki kilichokuwa kinalia kiliogopa alipoogopa.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwelewa, fundi mstaafu aliyemfundisha kazi, aliyepanga chumba juu ya karakana ya matairi. Wote walimwita Mzee Meno. Enzi zake hakukuwa na visanduku. Walisikiliza kwa fimbo ya chuma, ncha ardhini na kikombe cha mbao sikioni. Masikio ya mzee yalianza kufa mapema, lakini hakumwambia mtu. Aliing'ata fimbo. Mlio ulipanda kwenye chuma ukaingia menoni, ukafika kichwani bila kupitia mlangoni, na kwa miaka saba ya mwisho alitafuta mabomba ya mji mzima kwa taya. Sasa alikuwa kiziwi wa kufokewa, na fimbo yake alitundikia kofia.

Mama Sikio alimsimulia kwa kupiga kelele mpaka mafundi wa matairi chini wakanyamaza. Mzee alimsikiliza akitazama midomo yake, kisha akaondoa kofia kwenye fimbo.

"Kaa kwenye kiti. Na uache kuhema, binti. Siwezi kufanya kazi kwenye barabara inayohema."

Akaifuta ncha kwa kanga, akaiweka nyuma ya sikio la kulia la Mama Sikio, kwenye mfupa. Ilikuwa ya baridi. Akauma upande wa pili kwa meno yaliyobaki, akafumba macho. Mama Sikio aliangalia ukuta. Alimsikia mzee akisogeza ncha upana wa kidole, akatulia. Akasogeza tena, akatulia. Akarudi nyuma kidogo. Alijua kila hatua ya kazi ile, alikuwa ameifanya mwenyewe maelfu ya mara, ila hakuwahi kuwa barabara.

Ncha ikasimama mahali pamoja na haikusogea tena. Kwa pembe ya jicho aliona mkono wa mzee ukishuka kwenye mfuko wa shati, ukipapasa, ukitafuta chaki ambayo haikuwamo tangu alipostaafu.

Mama Sikio akaanza kulia.

"Sikio lako halina kosa," alisema mzee, na fimbo bado iko mkononi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, yeye ambaye hakujua tena kusema polepole. "Panavuja kweli, binti yangu. Ila umechimbisha barabara za watu bure. Nenda hospitali. Nenda leo, usipite nyumbani."

Hospitali walimpiga picha za kichwa, na daktari, mwanamke mkimya mwenye miwani, aliwaeleza yeye na mumewe kwa lugha nyepesi. Nyuma ya sikio, ndani ya mfupa, mshipa mmoja unamwaga damu ndani ya mwingine mahali isipopaswa kukutana. Ungeachwa, siku moja ungepasuka. Wengi hawaji hospitali mpaka upasuke.

"Ulijuaje?" daktari aliuliza.

"Nilinunua hedifoni," alisema Mama Sikio, na mumewe akaangua kicheko ambacho kiligeuka katikati kikawa kitu kingine.

Daktari hakuwaficha. Upasuaji ungeweza kwenda vizuri. Ungeweza pia kuchukua sikio la kulia. Na kuna mengine makubwa kuliko sikio, akayataja moja moja, na mume akatazama rangi ya ukuta ili asitazame mahali pengine. Mhandisi alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni na helmeti mkononi, akasema mama upone, kazi ipo. Hakusema kazi ipi, naye hakumwuliza.

Asubuhi ya upasuaji walimnyoa nusu ya kichwa. Daktari akaja na kalamu ya wino mzito, akainamisha kichwa chake kwa vidole viwili, akachora nyuma ya sikio. Mama Sikio alisikia kalamu ikizunguka, kisha mistari miwili mifupi.

"Baba watoto," aliita. "Amechora nini?"

"Duara," alisema mumewe. "Na msalaba ndani."

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichora alama ile juu ya vitu vya wengine na kuondoka zake kunywa chai. Sasa aliwaza mashimo yote yale, na sururu, na jinsi alivyokuwa hageuki nyuma. Aliogopa kuliko alivyoogopa mtaa wa maghala. Kitanda kikaanza kusukumwa, na njia nzima kile kitu kilimwendea mbio ndani ya kichwa, shu shu shu shu, mpaka dawa ilipokizima pamoja naye.

Siku ya tatu baada ya hapo, mchana, alikuwa na bandeji inayofika shingoni na mto nyuma ya mgongo. Mume alikuwa ameleta zile hedifoni nyeusi kwenye mfuko wa nailoni, hajui kama amefanya vizuri au vibaya. Mama Sikio alizipokea. Sikio la kushoto aliliziba kwa kiganja. La kulia alilichomekea kimpira kikubwa taratibu, huku meno ameyauma kwa maumivu, akakisukuma mpaka wodi ikaondoka.

Akacheza sauti ya kwanza. Chuma kililia, chembamba, kila uzi wa maji peke yake. Machozi yalimtoka, akayaacha. Akacheza ya pili. Plastiki ikanung'unika mahali pake.

Kidole kikakaa juu ya sauti ya tatu muda mrefu. Mume alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili yenye madoa ya rangi. Hakuijua fani ile, lakini alijua ni ipi iliyobaki.

Akaibonyeza. Alisikiliza dakika zote mbili bila kupepesa, kichwa kimeinama kidogo upande, kama alivyosimama asubuhi nyingi katikati ya barabara. Kisha akairudia tangu mwanzo, maana hakuwa mtu wa kuamini mara moja.

"Vipi?" mume alinong'ona. "Mama watoto, kuna nini?"

Akavua hedifoni.

"Pakavu," alisema.